Ngazi ya Maumivu

Mtafiti alifika hospitalini kwetu wakati wa mvua za vuli, amevaa makoti mawili. Alikuwa daktari kijana kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, mzaliwa wa Tanga mjini, na hakuwahi kuona ukungu ukiingia dirishani na kukaa wodini kama ndugu aliyekuja kutazama mgonjwa. Mimi nilikuwa nesi wa wodi ya upasuaji, bado mgeni kazini. Hospitali ilikuwa ndogo, juu kidogo ya Lushoto, na miaka ile ya Ujamaa dawa zilipanda kutoka Mombo kwa lori, pale lori lilipopata dizeli.

Matroni alitukusanya manesi wote tumsikilize. Tulikunywa chai bila sukari, maana sukari ilikuwa imeadimika tangu zamani na hakuna aliyeitaja tena. Daktari akaeleza kwamba wagonjwa wanaopasuliwa huku milimani huomba sindano za maumivu kwa nadra kuliko wa pwani, na yeye amekuja kutafuta sababu. Akasema wataalamu wa nchi za nje wamegundua kuwa ubongo wa binadamu hutengeneza wenyewe kemikali inayofanana na afyuni, ya kutuliza maumivu. Huenda watu wa milimani wanayo kwa wingi. Huenda ni baridi, huenda ni maji, huenda ni kazi ya kupanda na kushuka.

Matroni alisikiliza mpaka mwisho. "Yaani ubongo unajitengenezea dawa bila kuagiza nje?"

"Ndiyo, Matroni."

"Hiyo ndiyo kujitegemea," akasema, kisha akauliza kama oda yetu ya sindano za pethidini inaweza kupunguzwa. Hakuwa anatania. Sikuwahi kumsikia akitania.

Nikapewa kazi ya ukalimani, kwa kuwa wagonjwa wengi walikuwa wazee wa vijijini na Kishambaa ndicho walichoumwa nacho. Daktari alikuwa na kipande cha boksi alichochora ngazi. Chini ya ngazi hakuna maumivu. Juu kabisa ni maumivu yasiyovumilika. Mgonjwa alitakiwa aguse kidato alichopo. Wa kwanza kuonyeshwa alikuwa mzee mmoja kutoka upande wa Kwai, aliyepasuliwa ngiri jana yake. Aliitazama ile ngazi kwa muda mrefu, kisha akaniambia nimweleze Bwana Mganga kwamba kwa sasa hawezi kupanda, labda wiki ijayo.

Wengine walielewa upesi, na karibu wote waligusa kidato cha chini. Mama aliyetoka kujifungua kwa kisu aligusa kidato cha chini. Mkata mbao aliyeangukiwa na gogo akakatwa mguu, naye aligusa palepale, akaomba radhi kwa kumsumbua daktari. Daktari alifurahi. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu zote za nyumbani kwao; hakusogelea kitanda cha mtu mzima bila kumpa shikamoo na kumuuliza habari za watoto na za shamba, ndipo atoe ngazi yake.

Alichukua pia damu na mkojo, akavihifadhi katika friji ya mafuta ya taa, pamoja na chanjo. Chupa zilipotosha alizipakia katika ndoo ya barafu, akazikabidhi kwa dereva wa basi. Barafu iliyeyuka Mombo, basi likaharibika Korogwe, na mkemia wa chuo kikuu akatuma ujumbe kwamba alichopokea hakichunguziki, na kwamba angeomba kisitumwe kingine cha namna hiyo.

Katikati ya mambo hayo mama yangu mzazi akalazwa. Alikuwa na uvimbe wa shingoni, goita, kama wanawake wengi wa kwetu, na sasa ulikuwa unambana akimeza. Daktari wetu mkuu akampasua. Nilikuwa nimehudumia shingo nyingi za namna ile bila shida yoyote. Siku ile nilimwaga maji ya kunawia mara tatu, Matroni akanitoa nje nikasimame kwenye baridi.

Kesho yake asubuhi mtafiti alifika kitandani, nami nyuma yake na ngazi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilitoka kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Hujambo?"

"Sijambo. Nashukuru." Kiswahili cha salamu alikuwa nacho, kingine kilichobaki alikiona ni cha kazi za ofisini.

Nikamuuliza kwa Kishambaa maumivu yako wapi katika ngazi. Hakuiangalia. Akasema nimwambie mgeni haumwi kitu, na nimuulize kama amekunywa chai. Nikatafsiri. Daktari akasema amekunywa, akashukuru, akaandika, akaenda kitanda cha pili.

Mama akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na vilibana hasa.

"Haya, sasa nipe sindano," akasema.

"Mama, si umemwambia huumwi?"

"Nimemwambia yeye. Ametoka mbali, amenipa shikamoo vizuri, amenijulia hali. Nimwambie nini, kwamba nakufa? Wewe ni mwanangu. Nipe sindano."

Nilikwenda kwenye kabati la dawa, nikasimama mbele yake kidogo kabla ya kukumbuka nilichofuata. Niliwaza wale wote waliogusa kidato cha chini, na yule mkata mbao. Wao hawakuwa na binti wodini. Kisha nikavuta dawa, nikarudi, nikamdunga mama, nikakaa pembeni yake mpaka mkono ule ukalegea.

Mchana nikamweleza daktari. Alinisikiliza kwa makini sana, akasema ni jambo muhimu, na kwamba kwa sababu mgonjwa ana undugu na mkalimani, majibu yake hayawezi kuingia katika utafiti. Akamtoa. Mama alipoarifiwa aliudhika. Aliuliza amemkosea nini yule kijana, ikiwa alimjibu vizuri kama wenzake wote.

Nadhani mambo yangekwisha hivyo, na kungekuwa na makala mahali fulani inayosema Washambaa hawasikii maumivu. Lakini siku moja baada ya chakula cha mchana mtafiti alijikunja mezani, akapauka, akatapika. Kidole tumbo. Daktari mkuu alimtazama kwa dakika chache tu, akaagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe. Mtafiti akavuliwa makoti yote mawili, akapewa nusukaputi, na jioni ile alikuwa amelala wodi ya wanaume, jirani na yule mkata mbao, ambaye alimkaribisha vizuri.

Asubuhi Matroni alipita mwenyewe. Aliona si haki mgonjwa huyu akose kuulizwa kama wengine, kwa hiyo aliibeba ngazi.

"Bwana Mganga, hujambo?"

"Sijambo, Matroni. Shikamoo."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Nashukuru kwa huduma."

"Na maumivu?"

"Ah, si mabaya." Akanyoosha kidole, akagusa kidato cha chini. Mkono wa pili ulikuwa umeng'ang'ania chuma cha kitanda, na jasho lilimtiririka shingoni katika baridi ile ya Lushoto. Matroni akaitikia kwa kichwa, akaegemeza ngazi kwenye kabati dogo la kitanda, akaenda zake.

Nilibaki nikinyoosha shuka. Alikuwa akitazama dari.

"Nesi," akasema polepole, "nimemjibu nini Matroni?"

"Umesema si mabaya, Daktari."

"Mbona nimesema hivyo?"

"Sijui, Daktari."

Alijaribu kuvuta pumzi ndefu, akaacha nusu njia. Kitanda cha jirani, mkata mbao alikuwa amejigeuza kututazama.

"Mwulize huyu mzee," daktari akaniambia, "siku ile aliponijibu, alikuwa anaumwa?"

Nikauliza. Mkata mbao akafikiri, kisha akajibu kirefu, nami nikatafsiri kwamba ndiyo, alikuwa anaumwa, alitaka hata kulia, lakini daktari alikuwa ameanza kwa kumuuliza habari za mahindi.

Mtafiti akafumba macho. Alitaka kucheka na tumbo likamkataza. "Lete sindano," akasema. "Tafadhali. Na mzee naye apewe. Na hiyo ngazi iondoe hapo."

Alipopata nguvu alianza upya. Hakusema kwamba ubongo hauna kemikali yake. Alisema huenda Washambaa wanayo nyingi na huenda hawana. Yeye hajafika ubongoni, ameishia mdomoni. Ngazi hakuitoa tena. Sasa tulitazama: mgonjwa anakohoa au anajizuia, anajigeuza mwenyewe au anangoja ageuzwe, akitaka kikombe anakifuata au anaiacha chai ipoe. Tuliwauliza pia ndugu wanaowapikia, ambao hawakuwa na sababu ya kuficha, na wengine walisema hata zaidi ya walivyoulizwa.

Kisha akamwomba Matroni kwamba siku ya kwanza baada ya upasuaji sindano itolewe kwa saa, bila kungoja mtu aombe. Matroni akasema dawa zitakwisha. Walibishana kwa heshima kubwa, kila mmoja akimpisha mwenzake aanze. Mwishoni Matroni alikubali, na dawa zikaisha kweli, wiki mbili kabla ya lori. Wiki hizo tulirudi kwenye aspirini na maneno mazuri. Lakini zilipokuwapo wodi ilikuwa na sauti nyingine. Watu walikohoa. Daktari mkuu alisema hajapata kusikia kikohozi kizuri namna ile, maana anayeogopa kukohoa baada ya kupasuliwa ndiye anayepata kichomi. Yule mkata mbao alianza kujifunza magongo, akaanguka, akatukana kwa Kiswahili safi, jambo ambalo mtafiti aliliandika.

Mtafiti aliondoka mvua za Desemba zikiisha na matunda damu, yale mekundu ya kwetu milimani, yakiwa yameiva. Mama alikuja stendi ya mabasi kumuaga, kilemba kimeshushwa kufunika kovu, na kikapu cha matunda damu mkononi. Hakuwa na kinyongo tena. Daktari alimpa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na kidonda?"

Daktari alisimama wima, kama mtu aliyeamua jambo.

"Kidonda kinauma, mama. Nikicheka kinauma, na nikiinama kufunga viatu kinauma zaidi. Jana sikulala vizuri."

Mama alimkodolea macho. Kisha akanigeukia na kusema kwa Kishambaa kwamba kijana wa watu amesoma mpaka adabu zimemtoka.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anakupa pole."

"Mwambie nimeshapoa." Akapokea kikapu kwa mikono miwili, akapanda basi akiwa amejishika ubavu.