Joho la Kondo na Harusi Tatu

Kondo bin Mwinyimadi alikuwa na siri moja tu, nayo ilikuwa hii: hakutaka kurudi Chuo.

Ungemwambia hivyo mtu yeyote wa Kisarawe mwaka ule wa hamsini na tatu, angekucheka. Kondo? Kijana pekee wa mji mzima aliyevuka Ziwa kwenda kusoma chuo kikuu? Huyo ambaye barua zake husomwa barazani kwa sauti, mara mbili mbili, na mwalimu wa skuli huitwa aje kufafanua? Labda umemfananisha na mwingine.

Lakini ndivyo ilivyokuwa, na kosa lilikuwa la barua zenyewe. Kila alipokaa kuandika, Kondo aliwaona wazee wake wamejipanga mkekani wakisubiri, na kalamu ikaanza kupamba. Aliandika kwamba wanakula mezani, kwa uma na kisu, na hilo lilikuwa kweli. Hakuandika kwamba kinacholiwa ni ndizi za kupondwa, Jumatatu mpaka Jumapili, pamoja na maharage ambayo ukiyatazama sana hamu inakimbia, na kwamba tangu avuke Ziwa hajaonja tui la nazi. Aliandika kwamba maktaba ina vitabu vingi kuliko nyumba zote za Kisarawe. Hakuandika kwamba kitabu unachokitaka wewe wanakitaka wenzako arobaini, na zamu yako ikifika mtihani umeshapita. Aliandika kwamba anakaa chumba kimoja na kijana mwerevu sana wa Bukoba, aitwaye Damiani. Hakuandika kwamba mwerevu huyo anakariri kemia kwa sauti hata akiwa usingizini. Profesa wake alikuwa amesoma Uingereza, hilo nalo aliliandika. Kwamba profesa huongea kama mtu aliyebana shavuni tonge la wali wa moto, na kwamba insha za Kondo hurudi na wino mwekundu mwingi kuliko wake wa buluu, hayo aliyameza.

Na juu ya yote aliandika habari za joho.

"Baba, huku tunavaa joho jekundu kila siku." Maneno hayo tu. Sasa, kwa watu wa Pwani, joho huvaliwa na liwali, na bwana harusi hulivaa siku moja katika maisha yake. Kijana anayelivaa kila siku ni mtu wa namna gani? Mzee Mwinyimadi, mkulima wa minazi na mihogo, alitembea wiki nzima shingo imenyooka. Ukweli ni kwamba joho la Chuo lilikuwa kitambaa kizito kisicho na nakshi, limevaliwa na wengine wengi kabla yake, na mikono yake mipana ilitangulia kuonja mchuzi kabla ya mwenyewe. Sheria ilikuwa moja: bila joho, hakuna chakula cha jioni. Mara mbili Kondo alifika mlangoni ameliacha kitandani, na mara mbili Mzungu mkuu wa bweni alimgeuza kwa kidole, bila kusema neno, mbele ya watu mia mbili wanaotafuna. Siku matokeo ya mtihani yalipobandikwa, akajikuta wa mwisho kabisa kati ya waliofaulu, alirudi chumbani, akalishika lile joho begani, akalichana kwa nguvu zake zote. Kisha akaona haya. Akalikunja, akalisukumiza chini kabisa ya sanduku la bati, akapanda meli kuja likizo.

Njia nzima alijiapiza kwamba hiyo ni safari ya mwisho. Namna ya kuwaambia wazee ndiyo iliyomshinda.

Mama yake, Mwanahalima, alifungua sanduku siku ya pili ili afue nguo, akakutana na joho. Vigelegele alivyopiga vilileta majirani mbio wakidhani kuna aliyejifungua. Alipouona mpasuko wa begani aliwalaani panya wa melini, akalifua joho kwa mikono miwili, akaushikiza mpasuko kwa nyuzi chache, akalianika kambani mbele ya nyumba. Hadi adhuhuri nusu ya Kisarawe ilikuwa imepita pale, kila mtu na safari yake ya uongo.

Miongoni mwa waliopita alikuwa Shomari, binamu yake Kondo wa Mlandizi, ambaye alikuwa anaoa mara tu baada ya Idi. Alilitazama joho, akamtazama Kondo, akaanza kuuma maneno.

"Chukua," Kondo akamwambia, hata kabla hajaombwa. Hakuwahi kutoa kitu kwa moyo mweupe namna ile.

Idi ikapita, harusi ikapita, wiki mbili zikapita. Joho halikurudi. Hapo ndipo Kondo alipoona mlango umefunguka. Asubuhi moja alimkuta baba yake ananoa jembe, akajitia uso wa matanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Ni lile joho. Bila joho Chuo hawanipokei."

"Hata kama umefaulu?"

"Hata kama nimefaulu. Ni sheria ya Wazungu, baba. Basi tena, imeshakuwa." Akashusha pumzi ya huzuni, huku moyoni ngoma inalia.

Mzee Mwinyimadi aliweka jembe chini, akaingia ndani, akatoka na baiskeli. "Imeshakuwa vipi, na Mlandizi ipo? Panda."

Kondo alitaka aendeshe yeye, kijana. Baba yake hakutaka hata kusikia. "Miguu yako wewe ni ya vitabu," akasema, na kwa hiyo msomi akaketi nyuma kwenye kiti cha mizigo, magoti yamekunjwa, akapelekwa Mlandizi na mzee wa miaka hamsini na tano.

Shomari aliwapokea kwa pilau na aibu. Joho halipo. Shemeji yake, Maneno, alioa siku nne baada yake huko Misugusugu, akaliomba. "Ningemnyimaje, ami?" Shomari alimwambia mzee. "Kanipa dada yake!" Kisha akaanza kusimulia jinsi alivyoingia nalo kwa wakwe, na jinsi wale watu, waliokuwa wakimbeza tangu siku ya posa, walivyoshikwa na kimya. Kondo alisikiliza akishangaa. Nguo iliyokuwa ikimdhalilisha yeye mlangoni pa chakula imemtukuza Shomari mlangoni pa ukweni.

Wakalala hapo, asubuhi wakashika njia ya Misugusugu. Maneno naye hakuwa na joho. Mkewe, Swaumu, ndiye aliyeeleza: walilifukiza udi siku tatu, wakalinyunyizia marashi, likatoka hapo linanukia mpaka mbuzi wanageuka. Kisha akaja rafiki yake Maneno, Kitwana, wa Maneromango, naye anaoa.

"Maneromango!" akasema Kondo.

"Maneromango," akasema Maneno, kwa majuto. "Na njia yenyewe mnaijua."

Kondo aliijua sana. Masika yalikuwa yameichimba njia ile mpaka malori yanasali kabla ya kuingia. Baba yake alibonyeza tairi la mbele, akabonyeza la nyuma. Wakarudi Kisarawe, na njia nzima Kondo alikuwa akipiga mluzi.

Kulipopambazuka mzee alikuwa amekwishatia upepo. "Panda," akasema.

Siku hiyo baiskeli ndiyo iliyopanda watu zaidi kuliko watu kuipanda. Waliisukuma kwenye mchanga, waliibeba kwenye tope, mahali pengine Mzee Mwinyimadi alivua viatu akavitundika shingoni. Kondo alikuwa nyuma akimtazama anavyohema, na kwa mara ya kwanza ile furaha yake ikaanza kumtia haya.

Kitwana walimkuta, lakini alikuwa karibu kulia. Alikuwa amelivaa joho, akaoa vizuri, na alipolivua akaona begani limepasuka. Akaamini ni yeye aliyelipasua. Kwa kuona haya kurudisha nguo ya msomi katika hali ile, alilipeleka kwa fundi Thadeo, mshonaji wa misheni.

Fundi Thadeo alikuwa na cherehani yake barazani, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Walipobisha hodi aliwakaribisha, akawapa maji, kisha akalitoa joho limekunjwa safi kama la dukani. Begani mshono ulikuwa umelala sawasawa, ila ulikuwa wa kijani.

"Mtanisamehe," akasema. "Uzi mwekundu wote umekwisha kwenye kitambaa cha madhabahu. Na mmwambie Kitwana alale usingizi, si yeye. Nguo iliyochakaa huachia kwenye mshono. Hii imechanwa katikati ya kitambaa kizima."

"Mama yake anasema ni panya wa melini," akasema Mzee Mwinyimadi.

"Panya hana mikono," fundi akajibu, huku akitia uzi kwenye sindano bila kumtazama mtu. "Aliyeichana alikuwa na hasira, tena nyingi."

Mzee Mwinyimadi alishukuru, akaagana na fundi, akalifunga joho kwenye usukani. Walisukuma, wakabeba, wakasukuma tena, mpaka walipofika penye ardhi ngumu wakaweza kupanda.

"Haya," akasema mzee, anakanyaga pedali, uso uko mbele. "Kuna nini huko?"

Usoni pa baba yake, Kondo asingeweza. Lakini mgongo ule, umeloa jasho kwenye kanzu kuukuu, ulikuwa hauna macho. Akauambia yote. Akauambia ndizi na maharage, wino mwekundu, kitabu kimoja cha watu arobaini, kemia ya Damiani. Akauambia kidole cha Mzungu na kulala na njaa. Akauambia kwamba kila siku kule anajiona mjinga kuliko wote, na kwamba Kisarawe hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia, kwa sababu wote wanamwona mwerevu kuliko wote. Akauambia ni nani aliyelichana joho.

Mabega ya mzee yalianza kutikisika. Kondo akadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwa kidole tu?" akauliza. "Hata 'toka' hakusema?"

"Hata 'toka', baba."

"Na mimi nilidhani huko mnakaa kwenye viti vya enzi." Akacheka mpaka baiskeli ikayumba. Halafu akauweka usukani sawa. "Nilijua una neno. Misugusugu tulipoambiwa joho limekwenda Maneromango, ulipiga mluzi mpaka nyumbani. Unataka kubaki?"

"Ndiyo, baba."

"Baki. Shamba lipo, na mimi mzigo wa nazi sasa unanishinda. Sitakuona vibaya." Mnyororo ukalialia chini yao. "Lakini joho si letu. Ni amana. Litarudi, na atakayelirudisha ni wewe, kwa mkono wako, kwa huyo huyo Mzungu wa kidole. Ukishamkabidhi, panda meli urudi tulime."

Kondo aliinamisha paji la uso kwenye ule mgongo, machozi yakamtoka bila haya, maana hakuna aliyemwona. Alimpenda baba yake siku ile kuliko siku zote alizowahi kuishi.

Akapanda treni Pugu na sanduku jepesi, kama mtu anayekwenda na kurudi. Reli ikaisha, Ziwa likaisha, akafika Chuo jioni, kengele ya chakula inalia na ofisi zimefungwa. Mzungu alikuwa amesimama mlangoni pale pale. Kondo alikuwa ameazimia kumkabidhi joho hapo hapo na kugeuka. Tatizo ni kwamba tangu Mwanza alikuwa hajala cha maana. Akaona ale kwanza. Akalivaa, akaingia, na kidole hakikuinuka.

Hakuwa ameketi vizuri Damiani alipoanza kunusa. Udi wa Misugusugu na marashi yake, vilivyofungiwa sandukuni siku zote zile, vilikuwa vimetanda meza nzima.

"Kondo," akasema Damiani, "umeoa?"

Benchi zima likaangua kicheko, na Kondo akacheka nao. Ikabidi awasimulie: Shomari na wakwe zake, mbuzi wa Misugusugu, baiskeli iliyopanda watu. Kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kumsikiliza pale mezani. Jioni ile waliacha kutafuna. Naam, naye kijana mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa akiogopwa na wote kwa akili zake, akasema kwamba yeye joho lake alilitupa juu ya mti kwa hasira mwaka wa kwanza, na akalia kwa wiki nzima. Ndizi zilikuwa zile zile. Kondo alikula, akaongeza.

Kesho yake aliandika nyumbani, na kalamu haikupamba kitu. "Baba, chakula ni kibaya kama nilivyokuambia. Joho sijalirudisha bado, ofisi ilikuwa imefungwa."

Barua iliyofuata ilisema insha imerudi na wino mwekundu, ila kidogo kuliko zamani, na joho bado hajalirudisha. Iliyofuata hiyo ilisema wameanza kusomeana kitabu kimoja kwa sauti, watu watano kwa pamoja, ili zamu isichelewe, joho bado. Barazani Kisarawe watu waliulizana ni joho gani hilo lisilorudi, na mwalimu wa skuli alishindwa kufafanua. Mzee Mwinyimadi alikuwa akisikiliza, anatabasamu, anaendelea kubeba nazi zake.

Mwaka wa hamsini na tano ikaja barua fupi kuliko zote. Ilisema amemaliza, amefaulu, na si wa mwisho. Ilisema yule Mzungu alilipokea joho, akaugusa mshono wa kijani kwa kile kidole chake, akauliza ni fundi gani huyu hodari. Chini kabisa iliandikwa: "Baba, leo nimelirudisha, kwa mkono wangu."

Mzee Mwinyimadi akaomba isomwe tena.