Dawa Iliyoishia Ulimini

Juzi kazini mwenzangu alipuliza dawa ya pumu, na ile harufu ya ubaridi na uchungu ikanirudisha Tunduma, kwenye kibaraza cha saruji alikokuwa akishinda baba.

Baba alikuwa amechimba dhahabu Saza miaka mingi, na vumbi la mawe likamkaa kifuani. Alizungumza kwa vipande: neno, pumzi, neno. Hospitali walimpa pampu ndogo ya dawa ya kifua. Kila asubuhi alipanua mdomo, akapuliza dawa juu ya ulimi, akaimeza kwa maji kama kidonge. Sisi tulidhani ndivyo inavyotumiwa.

"Haisaidii," alimwambia mama. "Nitaitupa."

Kisha shangazi, mwenye pumu tangu utotoni, akaja kututembelea kutoka ng'ambo ya mpaka. Alimwona baba akimeza dawa, akashika kichwa.

"Kaka, unalisha ulimi, kifua kinalala njaa! Hii haimezwi, inavutwa."

Akamwonyesha: atoe pumzi kwanza, abonyeze huku akivuta polepole, kisha aibane ndani. Baba alikohoa, akakasirika, akajaribu tena. Shangazi alikaa naye kila asubuhi mpaka mkono na pumzi vikaelewana. Kifua hakikupona, lakini kililegea.

Siku moja tukiwa jikoni tulisikia mama akiitwa kwa sauti kubwa kutoka kibarazani. Aliacha mwiko ndani ya ugali, akatoka mbio akidhani kumeharibika.

Baba alikuwa ameketi vilevile, peke yake, akasema kwa pumzi moja: "Chai yangu mbona inachelewa leo?"

Mama alisogea, akaketi kando yake.

"Hebu niite tena," akasema.