Solange, Kesho Nani Ataijibu Mac?

Bado kichwa kinakataa, jamani. Solange wetu, dada wa meza ya dirishani pale ofisini Nengo, alianguka Alhamisi akianika nguo. Hata hospitali hakufika.

Naandika haya. Kwa huzuni, ndiyo, lakini zaidi kwa woga.

Solange alikuwa programmer. Sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, ziko kwenye kifuniko mezani, keyboard inanuka samaki, na nani wa kumwambia kitu!

Yeye ndiye aliyetuongoza kutengeneza ile programu ya kituo cha afya kule Nyakiriba. Nesi akimpa mtoto dawa, anaandika humo. Tuliiandika kwa lugha ya Python, lakini computer zao ni Mac, na Mac ina lugha yake. Katikati kuna daraja la kuzielewanisha. Daraja hilo ni kazi ya Solange.

Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele yake. "Bon. Mi ni Mac, we ni Python. Nesi anafunga dirisha na hajahifadhi. Nakuuliza: unajua kunizuia?"

Nikabaki nimekodoa macho.

"Umenyamaza, nimefunga. Yote nesi aliandika imepotea."

"Si ungenigombeza kwanza, dada? Hata error moja?"

"Error ya nini? Hatukuandikiana mukataba! Hii ni informal protocol, makubaliano ya mudomo tu. Mi naulizaka. We uko na jibu, nakungoja. Hauna, napita. Ogopa hapo."

Nikaogopa mpaka leo. Error nyekundu sina shida nayo, inapiga kelele na unajua pa kuanzia. Kimya ndicho kinaninyima raha.

Kabla ya kila toleo jipya alipita meza kwa meza. "Unajua kuhifadhi? Unajua kuzima?" Nasi tunaitika "Ndiyo!" kama watoto wa Sunday school. Wageni walidhani tuna wazimu. Kumbe tulikuwa salama.

Ijumaa, macho bado yamevimba, bosi akauliza kwenye meeting: "Donc, Jumatatu computer za Nyakiriba zinapata system mupya. Nani anajua daraja ya Solange?"

Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Kama hakuna mutu, tutaweka tu, tutaona."

Tutaona nini, jamani? System mpya inakuja na maswali mapya; daraja lisipokuwa na jibu, dirisha litajifunga polepole, hakuna kitakacholia. Nesi wa mchana atampa mtoto dawa ambayo alishapewa asubuhi. Nililiona hilo palepale, na bado nikafunga daftari langu nikatoka.

Leo Jumapili tumekuzika, Solange. Mama yako alinishika mkono, akasema, "We ndo ule Solange alikuwa anafundisha?"

Nikasema ndiyo, mama. Sauti ilitoka yenyewe.

Kabla sijatoka makaburini nikamwandikia bosi: "Mimi najua. Msiguse kitu mpaka niulize maswali yote." Uongo mtupu, dada. Najua nusu, na hiyo nusu nyingine umeondoka nayo.

Lakini nitakaa kwenye kiti chako chenye harufu ya samaki. Nitakuwa Mac, niulize kwa sauti, swali moja moja, mpaka nipate pale daraja linaponyamaza.

Haya, lala, dada yangu. Wakiuliza tena nani anajua, nitaitika.