Sifa za Elijah

Norman Kirimi ni dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh. Kutwa nzima maneno anayoambiwa hayafiki kumi: yalla, yaani twende, shuleni, ngoja hapa, na halas, yaani basi. Chumbani kwake nyuma ya geti ana kitanda, friji ndogo, na Jeremiah kwenye simu.

Jeremiah anaishi Bani Malik, Jeddah. Hawajaonana tangu wamalize sekondari huko Meru, walikochezea timu moja ya besiboli. Wameunganishwa na ubishi mmoja wa miaka minne, kwa ujumbe wa sauti: je, Elijah alistahili sifa zake?

Elijah alilinda kati ya besi ya pili na ya tatu, na wilaya nzima iliapa kwamba mpira haumpiti. Norman alisimama besi ya kwanza, ambako Elijah alirusha. Kudaka alijua, Norman hakatai, ila kurusha kwake kulikuwa ovyo. Norman ndiye aliyejinyoosha na kuuokota mpira vumbini, huku makofi yakienda kwa Elijah. Chanda chema huvikwa pete, lakini ile ilivikwa chanda cha jirani.

"Huo ni wivu tu," Jeremiah humjibu.

Ijumaa moja Norman alimtumia picha ya kidole chake kidogo, kilichopinda kwenye fainali alipoudaka mpira wa Elijah. Jibu lilikuja upesi.

"Sawa bana, hiyo throw nimeikumbuka. Ni wewe ulituokoa. Elijah alikuwa jina tu. Halas, umeshinda."

Norman aliusikiliza ujumbe huo mara tatu. Alifurahi kweli, hata akaosha gari ambalo halikuwa chafu.

Jumamosi simu ilinyamaza. Jumapili pia. Alimsalimu Jeremiah, akajibiwa "poa". Akauliza joto la Jeddah, akaambiwa lipo. Hawakuwa na lingine la kuambiana. Kufikia Jumanne upweke ulikuwa umemkaba, akajuta kutuma ile picha.

Jumatano, akiwangoja watoto wa bosi nje ya shule, alibonyeza kitufe cha sauti.

"Jere, nimefikiria. Mipira ya Elijah haikuwa mibaya vile. Ni mimi nilikuwa nachelewa kufika kwa besi."

Ulikuwa uongo mtupu. Hakuwahi kuchelewa hata mara moja.

Kabla kengele ya shule haijalia, jibu liliingia, la dakika sita nzima.

"Norman, si nilikuambia?" Jeremiah alianza.

Norman akapandisha kioo cha gari ili asikie vizuri.