Inagonga, Haigongi

Juzi nilizunguka vituo vitatu vya mafuta hapa Mwanza. Kwenye kile cha kwanza niliuliza petroli yao ina oktani ngapi, na dada wa pampu akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina la babu yake. "Dada, petroli ni petroli," alisema. "Nijaze?" Nikamwambia asijaze. Ningekaa nimweleze, lakini bodaboda nyuma yangu walishaanza kupiga honi, na pembeni yangu baba alikuwa ametulia na mkanda kifuani, mikono juu ya magoti. Baba hasikii tena. Lakini alijua ninachokitafuta, maana yeye ndiye aliyenifundisha kukitafuta.

Gari lenyewe utalikumbuka kama uliwahi kufika kwetu Nyegezi. Milango miwili, rangi ya ndizi mbivu, na namba ya mashindano iliyofifia ubavuni. Kabla sijazaliwa lilikuwa likikimbizwa kwenye mbio za magari. Mwenyewe alipolichoka, baba, ambaye alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alilinunua likiwa limekaa juu ya mawe. Mama alisema mwanaume mwenye akili angenunua ng'ombe. Alisema hivyo kila Jumapili, amevaa kitenge chake kizuri, akisubiri kufunguliwa mlango wa gari hilohilo aende kanisani.

Siku hizo pampu zilikuwa mbili, supa, ndiyo yenye oktani ya juu, na regula. Watu waliamini supa ina nguvu zaidi, ndiyo maana jirani yetu mwenye pikapu kuukuu alipojaza supa mara moja tu, mtaa mzima ulitangaziwa jinsi pikapu ilivyokuwa inaruka. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Kwangu alieleza kwa upole, nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu uani, nakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo bibi alikuwa akitutumia kwa magunia.

"Supa haina nguvu, mama," alisema. Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Supa ina subira. Injini hii inayabana mafuta sana. Regula ikibanwa hivyo inawaka kabla haijaambiwa. Supa inangoja."

Mafuta yakiwaka kabla ya wakati, injini inagonga. Usidhani ni kishindo. Ni kasauti kadogo, kama punje za mchele zikidondoka kwenye sahani ya bati. Ukikapuuza, injini inajila yenyewe kwa ndani.

Hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa. Mashine za pamba zilikuwa zimeshaanza kumla baba masikio. Mazungumzo aliyasikia ukipaza sauti kidogo, lakini ule mchele ulikuwa umempotea kabisa, na hakutaka wenzake kazini wajue. Tulijua mimi na mama tu. Basi kila tukipanda kilima aliniuliza, "Inagonga, mama?" Nami nafumba macho, nageuzia sikio mbele, natoa hukumu. Nikisema inagonga, anapunguza mwendo na kubadili gia papo hapo. Hakuwahi kuniuliza mara mbili. Sidhani kama kuna mtu amewahi kuniamini namna ile tena, na nimeolewa.

Kila Desemba tulikwenda kwa bibi, ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi. Mwaka nilipokuwa darasa la nne, bibi alituma neno kwamba miguu imemvimba na anataka kumwona wajina wake, yaani mimi. Mama alikuwa na mtoto mchanga, akabaki. Na wiki hiyo supa ilikuwa imekwisha mji mzima. Baba alizunguka na dumu siku mbili, mwishowe akajaza regula. Akafungua boneti, akairekebisha injini kadiri alivyoweza ili iivumilie. Tukapakia mchele, sukari na sabuni.

"Ikigonga tunarudi," alisema. "Tutatafuta siku nyingine."

Nilikuwa nimevaa gauni jipya, nililoshonewa ili bibi alione. Kilima cha kwanza tu baada ya Nyegezi, mchele ukaanza kudondoka.

"Inagonga, mama?"

"Haigongi, baba."

Akakanyaga mafuta. Kilima kilichofuata ukadondoka mwingi zaidi, na kwa mara ya kwanza maishani baba akaniuliza tena. "Haigongi kabisa?"

"Haigongi," nilisema, nikageukia dirishani asinione uso.

Tulipokaribia Kigongo, penye kivuko cha kwenda Busisi, gari likafuka moshi, likakohoa, likaishiwa nguvu. Vijana walitusukuma mpaka karibu na kivuko, pembeni ya mama mmoja aliyekuwa anakaanga samaki. Baba akafunga milango, akajitwika mchele begani, akanishika mkono, tukavuka kwa miguu kama abiria wengine. Alininunulia sato mzima wa kukaanga, na mimi niliyekuwa sishibi nikashindwa kummaliza. Nilitazama gari likizidi kuwa dogo ufukweni, nikajua ni mimi niliyeliua.

Bibi alikuwa mlangoni, miguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajina. Hebu zunguka nilione hilo gauni."

Nilizunguka. Alinizungusha mara tatu, akicheka. Tulikaa kwake siku nne, nikimsugua miguu kwa mafuta ya moto, naye akinisimulia jinsi baba alivyokuwa akifungua kila saa ya ukutani na kushindwa kuirudisha. Pasaka haikumkuta.

Gari liliporudishwa nyumbani kwa kamba, baba aliifungua injini. Pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Alinipa niishike. Nilingoja anigombeze siku ile, na wiki ile, na mwaka ule. Hakunigombeza. Gari likarudi juu ya mawe, nami sikuulizwa tena kama kuna kitu kinagonga. Ukimya ule uliniuma kuliko fimbo. Mwaka jana, nilipopata uwezo, ndipo nikampata fundi wa kulifufua.

Basi kituo cha tatu walikuwa na petroli ya oktani ya juu, imeandikwa kabisa kwenye pampu. Nikajaza tanki. Kwenye kilima baba akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Inagonga, mama?" Nikatikisa kichwa: haigongi. Safari hii ilikuwa kweli.

Kigongo siku hizi hakuna foleni ya kivuko. Mama wa samaki hayupo, wala moshi wake. Kuna daraja, na maji yaliyokuwa yakila asubuhi yetu nzima tuliyavuka kabla pipi haijaisha mdomoni. Katikati ya daraja nikasema, kwa kuwa hasikii, "Baba, siku ile ilikuwa inagonga. Nilikudanganya."

Alikuwa anatazama maji. Kiganja chake kilikuwa juu ya dashibodi.

"Siku ile ya regula," alisema ghafla, akipapasa pale kiganja kilipokuwa, "ilikuwa inatetemeka hapa mpaka kwenye gia. Masikio yalikuwa yamekufa, mkono ulikuwa mzima." Akanigeukia. "Nilikuuliza nikiomba useme haigongi. Nilikuwa nataka kumwona mama yangu."

Miaka yote ile nilijibebesha kosa lile peke yangu. Nililia nikiendesha, na sikujificha dirishani.

Zamani bibi aliisikia injini tukiwa bado mbali, tukamkuta ameshatoka nje na ungo mkononi. Sasa tulifika, nyumba imebaki msingi, na uani hakutoka mtu. Nikapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usizime kwanza, mama," baba alisema. Akakibana kiganja juu ya dashibodi, akafumba macho kama nilivyokuwa nikifumba mimi, akakaa hivyo muda mrefu.

"Haigongi," alisema.

Nikazima.