Kichwa cha Kuku Mezani kwa Tajiri Zhuang

Cai Xiuzhu alimwonea Meng Lan kijicho tangu siku ya kwanza, wala hakukificha. Yeye ndiye aliyeanza na Tajiri Zhuang pale Jinjiang, kusini mwa China, wakibandika soli za viatu uani kwa mama yake Zhuang. Sasa alikuwa msimamizi wa washonaji katika kiwanda chake cha viatu, na hicho kibinti cha kaskazini, kilicholetwa juzi na shahada yake, ndicho kilichokaa mkono wa kulia wa tajiri. Kipya kinyemi ingawa kidonda, Xiuzhu aliwaambia washonaji wake.

Mwaka ule oda za ng'ambo zilikatika, na nusu ya cherehani zikafunikwa maturubai. Ikafika karamu ya kufunga mwaka. Kwa watu wa Jinjiang, siku hiyo kuku huletwa mzima, na anayeelekezewa kichwa hujua kwamba amefukuzwa kazi. Hakuna haja ya kuaibishana kwa maneno. Miaka yote Zhuang alikigeuza kichwa kimwelekee yeye mwenyewe, akacheka, akasema ndugu hafukuzwi. Watu wakala kwa raha zao.

Safari hii Xiuzhu alijitolea kuandaa meza. Akaitua sahani juu ya kile kioo cha kuzungusha vyakula katikati ya meza, mdomo wa kuku ukimtazama Meng Lan sawasawa. Xiuzhu akaketi, roho yake kwatu.

Kumbe Meng Lan hakujua lolote. Kwao kaskazini, kichwa cha kitoweo huelekezwa kwa mwenye heshima kuliko wote, naye akaona haya kutangulizwa mbele ya wakubwa.

"Hapana, shangazi, mimi mdogo," alisema, akikizungusha kioo taratibu mpaka mdomo ukamkabili Xiuzhu. "Hii ni haki yako."

Xiuzhu akacheka, akamgeukia Tajiri Zhuang, akingoja anyooshe mkono akirudishe kichwa kwake kama kila mwaka. Zhuang alikuwa anatazama bakuli lake. Mkono haukunyooka.

"Kula, dada," alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Kuku anapoa."

Hakuna aliyeinua vijiti vyake vya kulia. Ni Meng Lan peke yake aliyenyanyuka, akachagua paja nono kuliko yote, akamwekea Xiuzhu bakulini kwa mikono miwili. Hapo ndipo Xiuzhu alipomchukia kuliko siku zote.