Siga Nne Zenye Harufu ya Mikaratusi

Dada yangu alikunja siga, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku, za bei ya chini, katika karakana moja kwa miaka kumi na moja. Mimi ni seremala wa karakana hiyohiyo, natengeneza visanduku vyake, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe, ingawa mdomo wangu ni mzito na sikuchangia neno.

Pale kuna meza ya mbele. Wanaokaa hapo hukunja siga za matajiri. Moja tu ni bei ya mbuzi.

"Wifi," mke wangu alimuuliza dada siku moja, "huyo mbuzi anateketea kwa saa moja, yanabaki majivu. Hao wanunuzi wazima kweli?"

"Majani yake yamelazwa miaka mitano, yanageuzwageuzwa kama mtoto mchanga," dada akajibu. "Na lile la kufunika juu, kwenye mia unapata matatu yasiyo na tobo. Halafu kuna vidole. Ukikaza mno haivutiki, ukilegeza inawaka kama karatasi."

Kiti kimoja cha mbele kilipobaki wazi, msimamizi wetu, mzee tunayemwita Pua, alimwambia dada akunje siga nne za kujaribiwa. Akifaulu, kiti chake.

Asubuhi ya siku hiyo bega lilimkaza kwa wasiwasi. Mke wangu akamkanda kwa mafuta ya mikaratusi. "Tulia basi, wifi! Unajikunyata kama unachinjwa."

Dada alinawa mikono, akaenda, akakunja nne safi kabisa. Nikaleta kisanduku. Pua akazibonyeza, akazinusa, akatabasamu. Hapo ndipo dada alipojikuta anajisugua bega. Akanusa vidole, uso ukamshuka.

"Mzee, hizi haziuziki. Nimekuwa nikishika bega lenye mafuta, kisha nashika majani."

"Mbona sisikii kitu?"

"Sasa hivi husikii. Zifungie wiki moja, utasikia."

"Unajua umeharibu nini?"

"Miaka mitano, mzee."

Pua akafunga kisanduku. Dada akarudi meza ya nyuma. Nyumbani mke wangu alilia, na dada ndiye aliyembembeleza: "Nyamaza, wifi. Angalau bega limepona."

Wiki ilipokwisha, Pua alifungua kisanduku mbele yetu sote. Harufu ikatoka kama ya chumba cha mgonjwa.

"Hizi tuwauzie wenye mafua!" mmoja akapiga kelele, watu wakacheka.

Pua hakucheka. "Mimi ningezipeleka kwa mteja," alisema, "na asingerudi tena." Akavuta kile kiti kilichokuwa wazi, akakipangusa kwa kiganja. "Mama, hamia huku. Na huyo wifi yako akukande Jumamosi, Jumapili uoge mara mbili."

Dada alibeba kisu chake na kibao chake, akahama. Mimi nikainamia randa yangu, maana macho yalikuwa yameanza kuniaibisha.

Kile kisanduku niliruhusiwa kukichukua. Mke wangu huweka humo nyuzi zake, na mpaka leo kila shati analonishonea kifungo linanuka mikaratusi.